Ukisahau, Shauri Yako

Kitinda mimba wangu hakumbuki kitu chochote cha shule mpaka feri iachane na nchi kavu. Nyumbani, kimya. Kwenye mteremko wa Likoni, hapa Mombasa, tumebanana na mikokoteni na baiskeli, kimya. Mlango wa feri ukishainuliwa, maji yakianza kuonekana kati yetu na nyumbani, ndipo anapovuta shati langu.

"Babaaa..."

Hiyo baba naijua. Ni ile ya kurefushwa, yenye gharama ndani yake. Hapo kivukoni upana wa maji ni kama mita 500 tu, lakini kwa mtu aliyesahau kitu ng'ambo ni safari ya Unguja. Wanasema feri hizi huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Mimi naamini nusu yao ni wazazi wanaorudi kuchukua kalamu za rangi.

Na si kwamba hatuamki mapema. Saa kumi na moja na nusu nishapiga kelele mpaka paka wa jirani ametawadha. Kitinda mimba anajibu "nishaamka" akiwa macho yamefungwa. Dadake, kifungua mimba, yuko mbele ya kioo tangu adhana, na bado hajui tai yake iko wapi (iko shingoni). Halafu kiatu. Kiatu hupotea kimoja, hakipotei viwili. Juzi tumekitafuta kitandani, uvunguni, juu ya kabati, mpaka mamake akakiona nyuma ya jerikeni za maji, na ndani yake mna gololi sita, pamoja na nusu ya hamri. Nikamuuliza hamri inafanya nini kiatuni. Akanambia, "Nilikuwa naiweka isipotee."

Sweta ndiyo usiniulize. Mji huu wa joto, mtu anatoka jasho akiwa anaoga, na orodha ya sare inasema sweta. Tangu Januari nimenunua tatu. Sijawahi kumwona mtoto amevaa hata moja, lakini zinapotea kama zinavaliwa kila siku.

Nikapeleka malalamiko barazani. Mwenzangu mmoja akashusha kikombe cha kahawa, akasema, "Yakhe, unawadekeza. Mwache asahau siku moja aone cha moto. Ukisahau, shauri yako. Basi." Wote wakaitikia. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kuwa yule bwana hajaoa.

Lakini sera nikaipitisha. Usiku ule nikasimama katikati ya sebule nikatangaza: kuanzia kesho kila mtu anapanga begi lake usiku, na atakayesahau kitu, sirudi, situmi bodaboda, simpigii mwalimu. Shauri yake. Wakaitikia "ndiyo baba" kwa pamoja, na mimi nikalala nimetulia kama chifu.

Kesho yake kitinda mimba akasahau dairi. Sikurudi. Nilijikaza, nikatazama maji, nikajisemea leo atajua. Saa nne asubuhi simu ikalia ofisini: ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, watu zaidi ya hamsini humo ndani, kwamba mzazi wa fulani hakutia sahihi dairi na anaombwa awe na ushirikiano. Nikaanza kutumiwa vijiuso vya kucheka na watu nisiowajua. Jioni nikamuuliza mwanangu mwalimu alimfanya nini. "Hakunifanya kitu. Alisema ni makosa yako."

Cha moto nikawa nimekiona mimi.

Nikabadilisha mbinu. Nikanunua karatasi ya manila, nikaandika kwa kalamu nene: BEGI, TAI, DAIRI, CHUPA YA MAJI, VIATU VIWILI. Nikaibandika mlangoni. Siku ya tatu mlango uko mtupu. Kumbe mwalimu alitaka karatasi ya manila, na mtoto, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikumbuka bila kuambiwa. Kachora moyo wa binadamu upande wa pili. Kapata alama nzuri.

Sasa njoo Jumanne. Tunatoka mbio, mamake anapaza sauti dirishani, sijui anasema nini, nampungia mkono. Feri inang'oka. "Babaaa... leo tuliambiwa twende na vifuu viwili. Vya kutengeneza upawa."

Mimi nimesoma 8-4-4, ule mtaala wa zamani, naelewa mambo ya kazi za mikono, nimebeba jembe na fagio. Lakini huu mtaala wa CBC, uliotandazwa nchi nzima 2019, naona nimeandikishwa upya. Mwenzenu niko gredi ya nne. Na mtu wa pwani akose kifuu! Nyumbani tunawashia moto!

Shauri yake, moyo ukanambia. Nikaliona lile kundi la WhatsApp. Nikaita tuktuk.

Marikiti saa moja kamili, shilingi mia mbili zishakwenda. Njiani mtoto kakumbuka kwamba siku ya Idd nilimwahidi hamsini ya viazi karai sikumpa. Tarehe anaijua, na nguo niliyovaa anaijua. Muuzaji hana vifuu vitupu, ana nazi. Haya, lete nazi. Akaivunja pakatoka nusu mbili safi, akazitia kwenye mashine ya kukuna, vifuu akampa mtoto. Mimi nimesimama na nazi iliyokunwa, sina pa kuitia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na gazeti linavuja. Basi nikafungua kibakuli changu cha chakula, nikala mahamri manne palepale kandokando ya mtaro, mbaazi nikazimalizia kwa kidole, nazi ikaingia humo.

Mtoto akavigeuza vifuu vyake. "Baba, mwalimu alisema viwe vikavu."

Nikavifuta kwa leso yangu ya mfukoni. Sikusema neno. Geti tulilikuta linafungwa, akapenya kama ngisi. Mimi nikaingia kazini nimechelewa dakika arubaini, na kibakuli nikakiweka chini ya meza. Kufika saa tisa, kila mteja aliyeketi mbele yangu alikuwa anajinusa kwapa.

Jioni nikamkabidhi mamake kibakuli kwa heshima zote: mume kaleta nazi, tena imekunwa. Akafungua. Akanusa. Akafunika taratibu.

"Hii imechacha. Na ndimu ziko wapi?"

"Ndimu gani?"

Kitinda mimba alikuwa sakafuni na gololi zake, hata kichwa hakuinua. "Asubuhi alikwambia ulete ndimu, baba. Sita. Dirishani."