Ardhi waje, ila wapande kwenye mawe yetu

Chuo Kikuu Ardhi kinajenga tawi huku kwetu Mwanza, upande wa Sengerema, kwa fedha za mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia unaosambaza kampasi za vyuo vya serikali mikoani. Hapa mjini maongezi mengi ni ya tenda za mchanga, viwanja vya jirani na chuo, na vyumba vya kupangisha wanafunzi. Sina ubaya na hayo, kodi ya pango ni pesa. Ninalotaka kujua mimi ni moja: wanakuja kufundisha tu, au wanakuja pia kuusoma mji wetu?

Nauliza hivyo kwa sababu ya asili ya chuo chenyewe, ambacho hakikuzaliwa na joho mwilini. Kilianza mwaka 1956, enzi za mkoloni, kama shule ya upimaji ardhi pale Mgulani, Dar es Salaam. Mwaka 1958 kikahamia kilimani, hatua chache na mahali ambapo baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuja kujengwa. Mwaka 1974 kikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 kikawekwa chini ya huyo jirani yake kama chuo kishiriki, watu wakakizoea kwa jina la UCLAS, na mwaka 2007 ndipo kikasimama chenyewe kama chuo kikuu. Maana yake kilivaa joho kikiwa na miaka zaidi ya 50 na sugu mikononi. Wakati jirani zao wa Mlimani wakikesha wakibishana kuhusu ubeberu, wao walikuwa porini na theodolaiti, kile chombo cha kupimia pembe za ardhi. Wapo wanaoihesabu historia hiyo kuwa ya kinyonge. Kwangu mimi ndiyo heshima ya chuo hicho.

Sasa njoo kwenye milima ya mji wetu: Igogo, au Mabatini, au ule upande wa Isamilo usioonekana kwenye picha za watalii. Nyumba imekaa juu ya jabali, ya jirani iko chini ya jabali hilohilo, na njia ni ngazi ambazo watu wamejitengenezea wenyewe. Gari la zimamoto halifiki. Gari la kunyonya choo halifiki. Msiba ukitokea, kushusha jeneza ni kazi ya vijana wenye magoti mazima. Ramani za mipango miji hupenda ardhi tambarare, kiwanja chenye pembe nne na barabara mbele. Huku juu ukisisitiza barabara mbele ya kila mlango, unabomoa mtaa mzima.

Lakini watu wanaishi, na wanaishi kwa ujuzi. Kuna mafundi wanaojua jabali lipi linabeba ukuta na lipi litateleza mvua za masika zikikolea. Kuna wanaolichoma jabali kwa moto mpaka linapasuka, kisha linageuka kokoto na msingi. Hata mamlaka ya maji, MWAUWASA, ilipotaka kupeleka majitaka kwenye milima hii ilibidi ilaze mabomba membamba yanayojipenyeza katikati ya nyumba, kwa kuwa utaratibu wa kawaida ulishindwa na mawe. Kwa maoni yangu hilo bomba ni somo la muhula mzima.

Halafu kuna Ziwa Victoria. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sawa. Ukingo upi? Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia kwenye nyumba na mialo, na mwaka 2024 yakapanda tena. Mtu aliyejenga mita 70 kwa haki yake yote anaamka yuko mita 40, na hajasogeza hata tofali. Wenye kazi ya kupima ni nani, kama si hawa wa Ardhi?

Najua jibu litakalotolewa: subirini kwanza madarasa yakamilike, wahadhiri wapatikane. Tumeshaona matawi ya vyuo yanayoletewa kila kitu kutoka Dar, hadi mifano ya kwenye mtihani ni ya Kariakoo. Na kisingizio cha umbali kimekwisha. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, foleni ya kivuko imebaki hadithi, na mwanafunzi akitoka Sengerema asubuhi anaweza kupanda ngazi za Igogo kabla jua halijawa kali.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kazi za studio za mwaka wa kwanza, yaani mazoezi ya kuchora na kupanga, zifanyike huku milimani, fundi mmoja wa mawe alipwe kama mkufunzi, na ramani itakayochorwa isiishie kwenye kabati la idara. Ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, na jina la aliyeichora liandikwe chini, ili ikikosewa tujue wa kumwita.