Fomu ya maoni tunamjazia nani?
Oktoba ya Tabora mnaijua. Ukumbi wetu wa mihadhara una paa la bati na feni 2, moja imekufa tangu niko mwaka wa kwanza. Kila mwisho wa muhula tunaletewa fomu ya tathmini: mhadhiri, 1 hadi 5, ukumbi, 1 hadi 5. Feni nimeiandika mara 4! Na mvua za Novemba zikianza kupiga bati, waliokaa nyuma hawasikii kitu. Hakuna aliyewahi kurudi kutujibu, hata kusema hela hakuna. Hilo ndilo linaniuma. Tuulizeni wiki ya 5, tukiwa bado tunakaa humo, kisha majibu yabandikwe ubaoni. Siku hizi wenzangu wanazungushia 3 juu mpaka chini bila kusoma, na siwalaumu.