Hyperion umefungwa, wageni waende wapi?

Tangu 2022, ukikamatwa kwenye eneo lililofungwa kuuzunguka mti uitwao Hyperion, unaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa miezi sita. Mti huu wa jamii ya redwood uko Redwood National Park, kaskazini mwa California. Una urefu wa takriban mita 116, na hakuna mti hai unaojulikana kuuzidi. Ulipogunduliwa 2006, mahali ulipo palifanywa siri. Lakini siri ikishaingia mtandaoni si siri tena. Hapakuwa na njia, basi watu wakajikatia yao vichakani.

Wanaolalamikia katazo hilo wana hoja. Hifadhi ni mali ya umma. Tena, msitu wa Muir Woods, karibu na San Francisco, uliepuka misumeno kwa kuwa William Kent na mkewe waliununua, wakaikabidhi serikali, nao ukatangazwa eneo la kulindwa mwaka 1908. Watu wote wakizuiwa, akina Kent wa kesho watatoka wapi?

Ila tazama chini. Redwood, pamoja na ukubwa wake wote, hauna mzizi mkuu unaozama ardhini. Mizizi yake hutandaa kwa upana, karibu na uso wa udongo. Viatu vikishindilia udongo huo, maji na hewa hupenya kwa shida. Shinani mwa Hyperion kangaga zilikanyagwa mpaka zikatoweka, na wageni wakaacha taka pamoja na vinyesi. Yote hayo kwa ajili ya mti ambao ukisimama chini yake kilele hukioni! Ziko redwood nyingine zenye shina nene zaidi, na njia ya kuzifikia ipo.

Kwa hiyo naunga mkono katazo, ila kwa sharti. Grove of Titans, katika hifadhi jirani ya Jedediah Smith, nako kulikanyagwa vivyo hivyo. Huko hawakuishia kwenye mabango: walijenga njia ya chuma iliyoinuliwa juu ya ardhi, mgeni akapita bila kugusa mizizi. Ni kazi ya gharama, na bango la faini ni rahisi mno kulisimamisha. Lakini hifadhi inayofunga mti mmoja bila kutengeneza njia kwenye mwingine inahamisha tu nyayo, na mti utakaofuata kupata umaarufu mtandaoni utakanyagwa kabla bango halijafika.