Punguzo la asilimia 10 linavyommaliza fundi

Uchumi ukiyumba, fundi ujenzi hupewa ushauri ule ule kila upande: shusha bei, bora upate kidogo kuliko kukaa bure. Naupinga. Mafundi wengi wanaofilisika katika vipindi hivyo wanafilisika wakiwa na kazi mkononi, na kazi hizo hizo ndizo zinazowafilisi.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo watu hujidanganya. Chukua kazi yenye thamani ya 100. Vifaa vinakula 60, vibarua na usafiri 25. Zinabaki 15. Humo ndani kuna ujira wa fundi mwenyewe, uchakavu wa zana zake na akiba ya kurudi kurekebisha kasoro. Mteja anaomba apunguziwe asilimia 10 na fundi anakubali. Duka la vifaa halijapunguza chochote, kibarua hajapunguza, mwenye lori ndiyo kabisa. Zile 10 zote zinatoka kwenye 15 za fundi. Ili apate alichokuwa akipata kwenye kazi moja, sasa anahitaji kazi tatu za aina hiyo, na kipindi chenyewe ndicho ambacho kazi tatu hazipatikani.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Gharama ya fundi kwa siku hupanda uchumi unaposhuka. Tuseme mwezi una siku 24 za kazi. Mambo yakiwa mazuri, 18 zinalipwa, na zilizobaki zinaishia kwenye mvua, kutembelea viwanja na kuandika makadirio. Mambo yakiharibika, zinazolipwa ni 12, kwa sababu wateja wanaita mafundi watano kulinganisha bei na fundi anakwenda bure mara nne. Kodi ya stoo, leseni, simu na matengenezo ya pikipiki havijapungua. Kama jumla yake ni 36 kwa mwezi, mwanzo kila siku ya kulipwa ilibeba 2. Sasa inabeba 3. Anayeshusha bei hapo anauza kwa bei ya chini kitu ambacho kimemgharimu zaidi.

Basi lile punguzo hulipwa na nani hatimaye? Mara nyingi jengo lenyewe. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linataka takriban mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. La 1:3:6 linataka kama mifuko minne na nusu. Fundi aliyebanwa anaona mifuko miwili ya kuokoa katika kila mita, na kwa macho zege linafanana. Nguvu yake, hata hivyo, imeshuka kwa karibu theluthi, na mchanganyiko huo kazi yake ni zege jembamba la kusawazishia ardhi chini ya msingi, siyo nguzo wala linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kisha yanaongezwa maji ili limwagike haraka na vibarua waondoke mapema. Kwa mfuko mmoja, lita 25 zinatosha kwa kazi ya kawaida, na mchanga ukiwa umelowa zinapaswa kupungua. Umwagiliaji maji wa siku saba wa kukomaza zege nao unakatwa hadi siku mbili kwa kuwa hakuna wa kumlipa.

Nondo ndiyo hatari zaidi, maana vipindi vya ukata huleta sokoni nondo nyembamba zinazouzwa kwa jina la nene. Mizani inatoa jibu: zidisha kipenyo cha milimita kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi. Ikija na kilo 8.2, umeuziwa ya milimita 10.5, na chuma ulichokosa ni karibu robo. Bei ya chini ya mshindani wako huenda siri yake ni hiyo. Mwache achukue kazi.

Wapo wanaosubiri vifaa vishuke bei kwa kuwa ujenzi umepoa. Wakati mwingine vinashuka. Lakini sarafu ikidhoofika, nondo, nyaya, rangi na vigae vinavyotoka nje hupanda huku viwanja vikiwa kimya. Kwa hiyo kadirio liandikwe tarehe ya mwisho, siku 7 au 14, na baada ya hapo bei ya vifaa ihesabiwe upya. Kununua saruji nyingi ili kukwepa kupanda kwa bei hakusaidii: ikikaa miezi mitatu, hata ikiwa imepangwa juu ya mbao na mbali na ukuta, imeshapoteza sehemu ya nguvu. Yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole haifai kwa zege.

Ukata haufiki kwa wote siku moja. Wa kwanza kuusikia ni mchoraji ramani na mpima ardhi, akifuatiwa na wachimba msingi na waashi. Fundi wa vigae, rangi, umeme na bomba anaendelea kuwa na kazi kwa miezi kadhaa, kwa sababu anamalizia nyumba zilizoanzwa wakati pesa zipo. Hapo hujiona amesalimika. Nchini Marekani, nyumba mpya zilizoanza kujengwa zilizidi milioni 2 mwaka 2005. Mwaka 2009 zilikuwa takriban 554,000. Anguko la namna hiyo linampitia kwanza mwenye sururu, kisha linamfikia mwenye brashi. Fundi rangi anayetaka kujua hali yake ya nusu mwaka ujao amuulize mchoraji ramani ana michoro mingapi mezani.

Sasa advansi, yaani malipo ya kutangulizia kazi, ambayo naiona ni ugonjwa mkubwa kuliko uhaba wa kazi. Desturi ya mafundi wengi ni kumalizia kazi ya mteja wa kwanza kwa advansi ya mteja wa pili, na ya wa pili kwa advansi ya wa tatu. Mnyororo huo unaenda vizuri mradi kila mwezi anatokea mteja mpya. Asipotokea, fundi anabaki na kazi mbili nusu, wateja wawili wenye hasira na deni dukani. Dawa yake si tamu: pesa ya vifaa ya kila mteja ikae peke yake, au mteja alipe dukani moja kwa moja na fundi asimamie kupokea mzigo. Ndiyo, unapoteza kile kidogo unachopata kwenye vifaa. Unapata usingizi.

Malipo ya kazi yafuate hatua ambazo mteja anaweza kuziona kwa macho: msingi umekamilika, kuta zimefika linta, kenchi zimesimama, bati limekwisha. Hatua ziwe fupi kiasi kwamba deni la mteja halizidi ujira wa wiki moja wakati wowote ule. Fundi anayesubiri kulipwa mwisho wa yote amemkopesha mteja, tena bila riba na bila dhamana. Nyongeza yoyote ("hebu ongeza dirisha hapo") iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, pamoja na bei yake, kabla nyundo haijainuliwa.

Anayefanya kazi chini ya mkandarasi mkubwa asidhani ukubwa ni usalama. Kampuni kubwa ya ujenzi ya Carillion ilipoanguka Uingereza Januari 2018, wasambazaji na wakandarasi wadogo wapatao 30,000 walikuwa kwenye mnyororo wake, na masharti yake ya malipo yalifika siku 120. Siku 120 ni miezi minne ya kulipa vibarua kutoka mfukoni mwako. Uchumi wenyewe wala haukuwa umeanguka wakati ule.

Kazi zenyewe hubadilika. Ujenzi wa nyumba mpya unakwama, lakini paa linalovuja halingoji uchumi utengemae, wala bomba lililopasuka. Ukarabati unalipa kwa anayejua kuupangia bei, na wengi hawajui: wanatoza saa mbili kwa kazi ya saa mbili, wakisahau kwenda, kurudi na kutafuta kiungo cha bomba ambacho hakipo duka la kwanza. Weka kima cha chini cha nusu siku. Mteja akiona ni ghali, mwambie akusanye na kitasa kibovu na soketi iliyolegea, vyote vifanywe siku hiyo.

Kuna huduma moja ambayo mafundi hawaiuzi, nayo ni kusimamisha ujenzi vizuri. Mteja akiishiwa pesa katikati, fundi huondoka tu na zana zake, kana kwamba kiwanja kitajilinda. Ukuta ulioachwa bila kufungwa kwa mkanda wa zege unaweza kuangushwa na upepo. Juu ya ukuta ulioachwa wazi maji hupenya kwenye viungo. Masikio ya nondo, zile ncha zilizoachwa nje ya zege zikingoja ghorofa au nguzo, hushika kutu. Yapakwe uji mzito wa saruji na yafungwe nailoni, wala yasikunjwe kupunguza nafasi, maana kukunja na kukunjua chuma hukidhoofisha. Kenchi zisizo na bati zikipigwa mvua na jua msimu mzima hupinda, hivyo afadhali mbao zibaki stoo hadi bati lipatikane. Mahali pazuri pa kusimamisha ujenzi ni juu ya msingi uliokwisha kufukiwa na kushindiliwa, au juu ya mkanda wa linta uliokwisha kukomaa. Pimeni pamoja kilichofanyika, pigeni picha, andikeni na kusaini. Ujira wa siku mbili au tatu kwa kazi hiyo ni halali kabisa, na pesa ikirudi, anayeitwa ni aliyeacha kiwanja salama.

Kuhusu wasaidizi, kuwafukuza wote ni kujikata mkono. Wawili wanaojua kupiga mstari na kusoma timazi wagawane siku zilizopo. Mashine ya kuchanganyia zege ikodishwe badala ya kuuzwa kwa bei ya vyuma chakavu.

Na hali ikianza kurudi, hapo pana mtego mwingine. Wateja watatu wanapiga simu wiki moja, fundi aliyekaa na njaa anakubali wote, ilhali akiba imekwisha, duka halimkopeshi tena na wasaidizi wazuri wamehamia kazi nyingine. Biashara ndogo za ujenzi huanguka sana wakati huo. Kabla ya kukubali kazi ya pili, hesabu kama unaweza kulipa vibarua wa kazi zote mbili kwa wiki mbili bila mteja yeyote kukupa kitu. Kama huwezi, mpe mteja wa pili tarehe ya mbele na umwandikie.