Pima mlango kwanza, kigari baadaye

Siku ya kwanza kuingiza kigari changu cha kukimbia mchangani, yaani UTV, kwenye gereji ya trela letu la kulala niliingia vizuri kabisa. Shida ilianza nilipotaka kutoka. Injini nimezima, mlango wa kushoto nausukuma, unafunguka upana wa ngumi moja kisha unagota kwenye reli ya kitanda. Wa kulia nao vilevile, unagota kabatini. Nikabaki nimekaa humo na helmeti kichwani kama kuku kwenye tenga. Mwishowe nilijipenyeza katikati ya mabomba ya keji, nikapita juu ya injini iliyokuwa bado inachemka, nikatua kwenye rampu kwa goti. Mke wangu, ambaye muda wote alikuwa ananielekeza kwa mikono, alicheka mpaka akakaa chini.

Kigari kile nilikichagua kwa mwezi mzima. Nililinganisha nguvu za farasi, shokapu, ukubwa wa tairi, rangi ya viti. Hakuna siku niliyochukua futi ya kupimia nikaingia nayo kwenye trela.

Kwa asiyeifahamu michezo hii: nazungumzia UTV, vile vigari vya kukimbia mchangani na kupanda mawe, dereva na abiria wamekaa ubavu kwa ubavu, usukani kama wa gari, keji ya mabomba juu yao. Na trela ninalolisema ni lile la kulala, lenye jiko na vitanda mbele, na nyuma gereji ambayo ukuta wake mzima unashuka chini na kuwa rampu. Wamarekani wameliita mbeba midoli, na jina limekaa. Mchana gereji ni ya kigari. Usiku kigari kinatoka, vitanda vinashuka kutoka darini kwa mota, watoto wanalala pale ambapo saa moja kabla palikuwa na matairi yenye tope.

Ndiyo maana naona watu wengi tunachagua kinyumenyume. Tunachagua kigari kwa ajili ya zile saa mbili tatu za kukimbia, wakati muda mwingi zaidi wa safari tunakaa nacho kikiwa kimesimama: kimefungwa nyuma barabarani, kimezuia friji, kimeziba njia ya choo, kinanuka petroli karibu na mto wa mtu. Ukiniuliza mimi, kigari cha trela kichaguliwe na trela.

Tuanze na upana, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia. Huko Marekani barabara nyingi zinaruhusu gari au trela lenye upana wa nje usiozidi inchi 102, yaani kama sentimita 259. Ukiondoa unene wa kuta, ndani unabaki na 244 hivi, kama una bahati. Toa reli za kitanda, toa kabati, na langu lilibaki na 225. Sasa angalia vigari vyenyewe. Polaris RZR ya kwanza kabisa, modeli ya 2008, ilikuwa na upana wa inchi 50, sentimita 127. Vya michezo vya siku hizi vingi vina inchi 64, sentimita 163. Can-Am Maverick X3 inapatikana kwa 64 au 72. RZR Pro R ina 74. Maverick R ina 77, sentimita 196, na nguvu za farasi 240.

Chukua cha inchi 72. Ni sentimita 183. Kwenye gereji yangu kinaacha 42, ambazo ni 21 kila upande ukiwa umekiegesha katikati kabisa, jambo ambalo hujawahi kulifanya na hutalifanya. Pima kiuno chako halafu uniambie. Na hapo bado hujainama kufunga mikanda kwenye pete za sakafuni.

Tena usipime ukuta kwa ukuta ukaridhika. Pima uwazi wa mlango wenyewe, kwa sababu fremu yake hula sentimita kadhaa kila upande na juu pia. Pima kutoka sakafuni hadi tumbo la kitanda kikiwa kimepandishwa mpaka mwisho. Vigari vingi vya michezo vina urefu wa kwenda juu karibu na sentimita 190, na mwenye kigari hawezi kukaa bila kuongeza kitu juu ya keji: paa, taa, spika. Taa ya sentimita 8 inatosha kukulaza nje.

Upana una habari nyingine ambayo muuzaji huwa haitaji mpaka umuulize. Misitu ya taifa ya Marekani ina njia nyingi zilizofunguliwa kwa magari yasiyozidi inchi 50 tu. Wanakuwekea nguzo mbili au geti jembamba mwanzoni, na ukiwa na 64 unageuza hapohapo. RZR ya kwanza haikutengenezwa nyembamba kwa bahati mbaya, ililenga njia hizo. Kwa hiyo anayekwenda msituni na anayekwenda kwenye vilima vya mchanga vya Glamis, California, hawanunui kitu kimoja hata kama matrela yao yanafanana kama mapacha. Mchangani upana ni rafiki yako, kigari kinatulia na hakipinduki ovyo. Msituni upana huohuo unakufungia mlango. Sijakutana na kigari kinachofaa kote kuwili, na anayekuambia anacho, angalia kama hauzi.

Urefu nitaupitia haraka. Cha viti viwili kina kama mita 3, cha viti vinne mara nyingi kinafika 3.7 na kuendelea. Kama gereji yako ina mita 3.6, basi maneno yameisha. Jambo moja tu watu hawalioni mapema: umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kwenye Maverick X3 ya viti viwili ni inchi 102. Ya viti vinne ni 135. Rampu inapokutana na sakafu ya trela panatokea kona, kama paa la nyumba, na kigari kirefu kinapovuka pale tumbo lake linakalia ile kona. Nimesimama nikitazama jamaa mmoja kigari chake kinabembea pale juu, tairi za mbele ndani, za nyuma kwenye rampu, bamba la chini limelala kwenye ukingo na kusaga chuma kwa chuma. Walitia mbao mbili nene chini ya ncha ya rampu kuipunguza mwinuko, na kesho yake wakafanya hivyohivyo, na keshokutwa. Likizo nzima walihama na zile mbao.

Sasa uzito, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo penye hatari ya kweli.

Kwanza, uzito ulioandikwa kwenye matangazo mara nyingi ni uzito mkavu: bila petroli, bila oili, bila maji ya rejeta. Ongeza hivyo, ongeza winchi, kioo cha mbele, tairi la akiba, paa, muziki, na kigari kilichoandikwa kilo 680 kinafika kwenye mizani karibu na 800. Changu kilifanya hivyohivyo.

Pili, kibandiko cha trela. Langu linasema naweza kupakia kilo 1,500. Inasikika kama nyingi. Toa kigari, 800. Jaza tangi la maji safi la lita 380, hizo ni kilo 380, maji hayana huruma. Tangi la petroli la trela lenyewe, lita 110, ni kilo 80 na kitu. Zimebaki 240 za vyakula, vyombo, nguo, jenereta ya ziada, zana, viti, meza, mahema ya kivuli, na lile sanduku la vipuri ambalo hakuna anayejua lina nini. Ukiweka badala yake kigari cha viti vinne chenye kilo 950, unaanza kuchagua kati ya kuoga na kupika.

Tatu, na hili ndilo lililonitisha: si uzito peke yake, ni mahali unapokaa. Gereji iko nyuma ya ekseli. Trela ni kama pembea ya watoto: ukiketisha mtu mzito nyuma, mbele kunanyanyuka. Tuseme kigari cha kilo 800 kimekaa mita 2.5 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi kwenye ndoano ya pikapu ni mita 6. Kinaondoa kwenye ndoano kama kilo 333. Trela la kuvutwa kwa ndoano ya nyuma linatakiwa kukalia ndoano hiyo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Likiwa na jumla ya kilo 4,500, hiyo ni 450 kwenda juu. Kama lilikuwa na 700 kabla ya kupakia, sasa lina 367. Linaonekana jepesi kulivuta, dereva anafurahi, mpaka upepo wa lori linalopita umsukume, na trela lianze kuyumba kushoto kulia huku likiivuta pikapu nayo iyumbe. Anayejua hisia hiyo hahitaji kuhadithiwa.

Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana matrela ya aina hii mengi yakiwa matupu huwa mazito sana mbele. Wameacha nafasi ya kigari. Lakini kigari kipi? Wao walikadiria, wewe ukanunua kizito zaidi ukakisukuma mpaka kigote mlango wa nyuma kwa sababu ni kirefu. Wenye matrela yanayokaa juu ya sanduku la pikapu wana nafuu, hayo yanatua na asilimia 20 hadi 25, lakini nao wapite mizani. Nenda na kila kitu kikiwa ndani, kigari, maji, watu. Usikadirie kwa macho.

Nguvu za farasi? Sijazizungumzia kwa makusudi. Ukiwa na 100 utafurahi. Ukiwa na 200 utafurahi na kutengeneza.

Giaboksi naijali zaidi. Vigari vingi vinatumia mkanda wa mpira kupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu, na mkanda huo hauchukii kitu kama kwenda polepole chini ya mzigo: unateleza, unapata joto, unanuka, siku moja unakatika. Kupanda rampu kali kwa mwendo wa konokono ndiyo kazi hiyohiyo. Weka gia ya L, ile ya mwendo wa chini, kila mara unapopakia, hata kama unaona haina haja. Honda Talon haina mkanda, ina giaboksi ya klachi mbili, na hiyo kwangu ni sababu nzito kuliko farasi 50 za ziada. Pia usidharau vile vigari vya kazi vyenye sanduku la mizigo nyuma, kama Polaris Ranger. Havina sura ya kupiga picha. Ila vinabeba kuni, maji na watu, na kwa familia ambayo kusema kweli haiendi kuruka matuta, navyo vingewafaa kuliko walichonunua.

Petroli na usingizi nalo ni la kuangalia kabla ya kununua. Fungua kifuniko cha tangi, angalia mpira wake, uliza bomba la hewa la tangi linatokea wapi. Kikiwa nje, kigari kinachovuja mvuke kidogo huwezi kukihisi. Ndani ya chumba kilichofungwa utaamka na kichwa kinauma. Changu hulala nje, jioni nafungua madirisha yote na mlango kabla ya kushusha vitanda, na injini haiwashwi ndani ila wakati wa kuingia na kutoka, rampu ikiwa chini. Moshi wake unaua kimya.

Na mikanda ya kufungia kigari sakafuni: funga magurudumu, usifunge keji pekee. Keji inapanda na kushuka na shokapu, mkanda unalegea kwenye kila shimo. Mimi nilijifunza hilo siku kigari kilipobusu kabati la vyombo.

Baada ya yale ya helmeti, nilipokibadilisha kigari nilifanya kitu kidogo ambacho sasa nawasumbua nacho watu wote. Nilichukua chaki, nikachora sakafuni mwa gereji umbo la kigari nilichokitaka, urefu na upana kamili, nikaweka maboksi kwenye pembe nne kufikia kimo cha mlango wake. Kisha tukakaa na lile umbo jioni nzima. Kwenda chooni, kufungua friji, kushuka upande wa dereva, kuinama kama mtu anayefunga mkanda. Dakika kumi zilitosha kufuta modeli mbili kwenye orodha. Tuliishia na cha viti viwili, inchi 64, na nafungua mlango kama binadamu.

Ila watoto wanakua, na nyumbani wameanza kuuliza nani atabaki kambini. Nimeshachora cha viti vinne mara mbili. Mara zote mbili friji haifunguki.