Waulize watakusimamisha vipi

Kuna video ya likizo ya Desemba inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kampala. Kisiwa cha mbali, msitu mzito, watu wananing'inia kwenye waya, zipline, wanateleza juu ya miti wakipiga mayowe ya raha. Tangazo linajisifu kwamba hapo hawapimi mtu uzito, eti kumpima mgeni ni kumwaibisha. Mwisho wa waya kijana amesimama ukingoni mwa jukwaa, mikono wazi, anawadaka wageni kama kipa. Watu wanaweka vicheko. Jamani, kijana ndiye breki!

Maswali chini ya video ni bei gani, waya una urefu gani, kasi ikoje, picha ni za bure? Hakuna hata mmoja aliyeuliza anasimamaje. Anayeenda kwenye waya za Griffin Falls, pale msitu wa Mabira, na anayekata tiketi ya kwenda Mauritius, hilo ndilo swali la kwanza kwa wote wawili.

Hesabu yake haihitaji digrii. Kama waya unashuka mita 10 kutoka jukwaa hadi jukwaa, mwili usiozuiwa na upepo wala msuguano ungefika chini kwa kilomita 50 kwa saa. Tuseme upepo na kapi, yaani gurudumu linalokubeba juu ya waya, vimekula nusu, zikabaki 25. Kugonga gogo la mti uliofungiwa waya kwa kasi hiyo ni sawa na kudondoka sakafuni kutoka mita mbili na nusu. Sasa mrudieni yule kipa wetu na mikono yake.

Watakuambia mgeni ana glavu ya ngozi, atajisimamisha mwenyewe. Sawa, glavu inafanya kazi, ila kwa masharti. Mkono ukae nyuma ya kapi, kamwe usikae mbele, maana mbele kapi litapanda juu ya vidole. Unaugandamiza waya kwa kiganja kilicho wazi, huufumbati. Ukianza mapema mno utakwama kabla ya jukwaa na kurudi kinyumenyume hadi kwenye tumbo la waya, pale unapobonyea zaidi. Ukichelewa, ni gogo. Mvua ikinyesha, glavu inateleza kama sabuni. Na kazi yote hiyo amekabidhiwa mtu aliyefundishwa kwa dakika tano, anayetetemeka, na nusu ya akili yake iko kwenye kamera!

Breki ya kweli haimtegemei mgeni. Iko ya kibao kinacholipokea kapi, kimefungwa kamba inayoshikwa na mwongozaji. Ziko springi ndefu zilizopangwa kwenye waya karibu na jukwaa. Uko pia waya ulioachwa ulegee ili mwisho wake upande mlima kidogo na kumpunguza mtu kasi wenyewe. Chagua yoyote, lakini nyuma yake lazima iwepo ya pili, inayojishika yenyewe ya kwanza ikishindwa, bila mtu kukumbuka wala kupiga kelele. Ukiwa juu ya jukwaa muulize mwongozaji akuonyeshe ya pili kwa kidole. Akionyesha mkono wake, teremka.

Na uzito? Waya uleule unampokea mtu wa kilo 100 kwa kishindo, na wa kilo 35 unamwacha katikati akining'inia, hasa upepo ukimpiga usoni. Mizani haimtukani mtu. Inamwambia mwongozaji breki aiweke wapi na nani asiende peke yake.

Kukwama katikati si ajali. Unageuka uipe mgongo njia unakokwenda, unajivuta mkono kwa mkono, au unatulia mwongozaji aje akuchukue. Ajali ni kumruhusu wa pili kabla wa kwanza hajafunguliwa kapi lake upande wa pili. Mwaka 2018, kisiwani Roatán, Honduras, maharusi walikuwa kwenye fungate. Mke alikwama katikati ya waya, mume akamjia kwa kasi, wakagongana. Mume alifariki. Waya haukukatika, mkanda haukufunguka. Kilichokosekana ni neno moja la kuthibitisha kwamba njia iko wazi, na neno hilo redio ya mkononi inalibeba bila shida. Kama majukwaa hayaonani na hakuna redio, hapo hakuna mchezo.

Watu wanaogopa waya kukatika, wakati waya ndio mvumilivu kuliko vyote: wa chuma wa milimita 12 hubeba karibu tani 8 kabla haujakatika. Unachopaswa kuogopa ni fundi anayeukaza kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu wa kilo 80 katikati ya waya wa mita 200, akiachwa abonyee mita 10, anauvuta kwa kama kilo 400. Ukikazwa abonyee mita 4 tu, mtu yuleyule anauvuta kwa tani nzima, na uzito wa waya wenyewe bado haujahesabiwa. Tumbo la waya ni afya. Tazama na klipu zinazofunga ncha ya waya kwenye gogo: zisipungue tatu, zote zielekee upande mmoja, chuma chenye umbo la U kikibana mkia, ile ncha iliyobaki, na wala si waya unaobeba mzigo. Gogo nalo livalishwe vibao, la sivyo waya unaukata mti polepole kadiri unavyonenepa. Itakuwa aibu kuuua hivyo mti wa Mabira, msitu ambao watu waliuandamania mwaka 2007 usigeuzwe miwa.

Ukisikia radi, hata ya mbali, shuka. Hakuna anayekaa karibu na Ziwa Victoria anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Nakubali, shingo upande, kwamba boda itakayokutoa Lugazi bila helmeti huenda ni hatari kuliko waya wenyewe. Basi vaa helmeti huko pia.

Rasta na mitandio viingie ndani ya helmeti kabla hujafungwa, kwa sababu kapi halichagui. Sandali ziache chini. Kuku na gonja, ndizi za kuchoma, za barabarani Najjembe ziwe za kurudi, maana mikanda hiyo inabana mapaja na tumbo, na walioko chini ya waya hawana mwavuli.