Kitasa Mbea

Watu wengine hufuga njiwa. Mimi nafungua makufuli bila ufunguo, na nasema mapema kwamba ni makufuli yangu mwenyewe, nimeyanunua kwa fedha zangu, maana balozi wetu hapa Mwanga, Kigoma, bado hajaridhika. Nyumba ikivunjwa popote, hata kule Gungu, asubuhi yake lazima apite kwangu "kunisalimia tu".

Vifaa vyangu si vya ajabu. Kipande cha msumeno wa chuma nimekisugua kikawa kulabu nyembamba. Vile vyuma vinavyokaa ndani ya mpira wa waipa ya gari nimevikunja, ndivyo vya kukazia. Kwa vitasa vikubwa vya zamani nina sipoku za baiskeli. Vyote nimevikunja kwenye kitambaa cha kitenge, vinakaa mfukoni hata nikienda msikitini. Mke wangu anaviita "vidude vyako vya jela".

Kufuli nyingi za madukani ndani zina vipini vinavyosukumwa na springi. Mmarekani Linus Yale, yule mtoto si baba, ndiye aliyezichukulia hataza katika miaka ya 1860, ingawa Wamisri wa kale walikuwa na kufuli za mbao zenye vipini vya namna hiyo kabla hata babu yake hajazaliwa. Hizo nimezizoea. Nyingine nazifungua huku naangalia mpira.

Sasa, siku binamu yangu alipooa Ujiji, mpambe nilikuwa mimi. Ndoa ilishafungwa msikitini, kilichobaki ni bwana harusi kuingia ndani kumpa mkono mkewe. Aliyewahi kuoa Ujiji anajua kinachofuata. Mlango umefungwa, na haufunguki kwa salamu. Mbele yake, juu ya kigoda, amekaa Shangazi Mkubwa wa bibi harusi, sauti yake kama honi ya meli ya Liemba, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga.

"Hodi, Shangazi."

"Hodi ya mkono mtupu siisikii, mwanangu."

Tukatoa bahasha ya fungua mlango. Akaihesabu, akaiweka kifuani, akasema hiyo ni ya kizingiti. Tukatoa nyingine. Hiyo ikawa ya bawaba.

"Bawaba ziko tatu," akatukumbusha.

Fedha iliyobaki alikuwa nayo mjomba wetu, mwekahazina wa kamati, na mjomba kwa hekima zake alikuwa nje kwenye gari, simu kaizima. Akatumwa kijana amfuate. Shangazi akasema wakati tunajitafuta yeye anakwenda kuonja chumvi ya pilau. Akainuka, ukumbi ukabaki na sisi wawili. Bwana harusi hakusema neno. Alitazama mfuko wa koti langu tu.

Kilikuwa kitasa cha shaba, kizito, jina la aliyekitengeneza limesuguliwa na miaka mpaka limefutika. Vitasa vya aina hiyo havina vipini. Ndani mna vibamba vya shaba vimelaliana, kila kimoja na springi yake na pengo lake. Ulimi wa kitasa una kijiti, na kijiti hakipiti mpaka mapengo yote yakae mstari mmoja. Ufunguo wake huinua kila kibamba kwa kimo chake: hiki kidogo, kile zaidi, kikizidi hakifai na kikipungua hakifai. Asiye na ufunguo anatumia subira. Waya mmoja unaukaza ulimi taratibu, mwingine unapapasa vibamba na kuviinua kimoja kimoja, na kila kinachofika mahali pake kinakutikisa kidogo kwenye ncha ya kidole. Kwa ajili ya mtikisiko huo mimi nimewahi kuunguza maharage mara nyingi tu.

Cha kwanza kikakaa. Cha pili kikakaa. Ndani nikasikia sauti ya binti:

"Kuna panya mlangoni!"

"Panya gani siku ya harusi?" akasema Bi Somo. "Nyamaza."

"Anatafuna chuma, Bi Somo. Sikiliza."

Cha tatu kikakaa. Cha nne kilikuwa kigumu, nikakiinua kidogo, nikakiongezea kidogo.

Tak.

Waya ukafa mkononi. Ulimi haukwenda mbele wala nyuma. Jasho likanitoka mgongoni, kwa sababu sauti hiyo nilikuwa naijua bila kuwahi kuisikia. Nilikuwa nimeisoma.

Mwaka 1817 wezi walivunja na kuingia kwenye bandari ya jeshi la majini huko Portsmouth, Uingereza, wakatumia funguo za bandia. Serikali ikatangaza zawadi kwa atakayebuni kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka uliofuata Jeremiah Chubb akaleta jawabu, na jawabu lenyewe lilikuwa la kiumbea. Kibamba kikiinuliwa kupita kiasi kinanaswa na springi, kitasa kizima kinaganda, na hata ufunguo halali haufungui tena. Mwenye nyumba akirudi akaona ufunguo umegoma, anajua kuna mtu kapitisha mkono. Yaani kitasa hakiishii kumzuia mwizi, kinamsubiria mwenyewe arudi kimshitakie. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja aliyekuwa fundi vitasa aliahidiwa msamaha akikifungua, akahangaika nacho miezi, akasalimu amri. Ni mpaka mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, ndipo Mmarekani Alfred Hobbs alipokifungua kwa dakika kama 25. Lakini Hobbs hakuwa na Shangazi Mkubwa jikoni anaonja chumvi.

Dawa ipo, tena nyepesi. Unatia ufunguo wake halali, unauzungusha upande wa kufunga, kibamba kinaachiwa, kisha unafungua kama kawaida. Ila vile vya mwanzo kabisa vilihitaji ufunguo wa pili, maalumu kwa kazi hiyo. Vilivyoboreshwa mwaka 1824 ndivyo vinavyotosheka na ule ule mmoja. Nikasimama pale na suti ya kuazima, namwomba Mungu kitasa cha watu kiwe cha baada ya 1824. Na hata kikiwa, ufunguo uko kwenye pindo la kanga, na anayeijua dawa ndiye huyo huyo aliyesababisha ugonjwa.

Mjomba akaja. Fedha zikahesabiwa. Shangazi akafungua pindo, akatia ufunguo, vigelegele vikaanza. Ufunguo ukagoma. Vigelegele vikakatikia njiani.

Akajaribu tena. Akajaribu dada yake. Akaja kaka wa bibi harusi, mbeba magunia, nikaona ufunguo unaanza kupinda nikafumba macho. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba kuna mtu kaifunga ndoa hii, na si kwa ufunguo. Shehe akaombwa asome dua, akasoma, kisha akauliza kwa upole kama pilau limeiva. Yakaletwa mawese, maana Kigoma hakuna kinachokwama kikakosa kutiliwa mawese. Kijiko kizima kikamiminwa tunduni, yakachuruzika mlangoni hadi sakafuni, mekundu, na ufunguo bado umegoma. Akaitwa fundi seremala na patasi yake. Hapo akainuka Babu wa bibi harusi, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha uvivu tangu tulipofika.

"Mlango wa mninga huo. Atakayeutia patasi aanze na mimi."

Simu ya bwana harusi ikalia. Akasoma ujumbe, akanipa nisome. Ulitoka ndani: "Mwambie panya wako amalize alichoanza. Huku joto."

Nikakohoa.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Ulishaniamkia asubuhi."

"Nilikuwa nafikiri. Labda uuzungushe kama unafunga."

"Watu tunataka kufungua, wewe unaniambia nifunge?"

"Jaribu tu, Shangazi."

Akauzungusha upande wa kufunga huku ananitazama mimi. Tak. Akaurudisha. Kla! Mlango ukafunguka, joto la ndani likatoka pamoja na udi na asumini, vigelegele vikapokelewa mpaka barabarani. Nilipogeuka kumtafuta binamu yangu anitetee, alishapotelea ndani.

"Umejuaje?" Shangazi akauliza.

Kabla sijapata la kusema, Babu alikuwa amenishika mkono. Macho yake yanang'aa. "Ulikigusa? Sema kweli. Ulikigusa?"

Nikasema nilikigusa. Mzee akapiga makofi! Akaanza kuwatangazia watu wote: kitasa kile alikinunua mnadani enzi za ujana wake, na aliyemuuzia alimwapia kwamba mtu mwingine akikigusa kitasema. Akalipa bei kubwa. Miaka yote hiyo hakikusema. Marehemu Bibi alimcheka kwa kitasa hicho mpaka anakwenda kaburini. "Leo kimesema!" Bwana harusi mwenyewe hakuwa na furaha ya kumfikia yule mzee. "Sasa irudie," Babu akaniambia, "nione kwa macho yangu."

Nikajitetea. Haikusaidia. Shangazi akatia ufunguo mlango ukiwa wazi, ulimi ukachomoza hewani watu wote wanauona, akachomoa ufunguo, akasogea kando. Waliokuwa nje kwenye dhikri wakaacha dhikri. Watoto wakapanda madirishani. Nikatandika kitenge changu sakafuni, nikapiga goti na suti ya watu, nikaanza, na safari hii nia yangu ni kukigandisha makusudi ili mzee afurahi.

Tatizo mawese. Kitasa kilichokuwa kikavu kwa miaka kilikuwa kimelainika chote. Vibamba vilipanda kwa kidole kidogo tu, hiki, kile, na mkono ulioizoea kazi haukusubiri kuulizwa. Nilipokifikia kile cha nne, nikijiandaa kukizidisha, kilishajikalia chenyewe mahali pake, na vilivyobaki vikafuata.

Kla. Ulimi ukaingia ndani, taratibu, mbele ya ukoo mzima.

"Mbona hakijasema?" Babu akauliza, sauti imepoa.

Shangazi Mkubwa hakumjibu. Aliutazama ulimi, akanitazama mimi, akaitazama bahasha ya mjomba.

"Kumbe ulikuwa na uwezo wa kuingia bure."

"Hapana, Shangazi, ile ilikuwa—"

"Mjomba wenu asiondoke. Mrudisheni." Akavuta kigoda, akakaa tena pale pale mlangoni, akajifunga kanga vizuri. "Bawaba tulishamalizana. Sasa hivyo vidude vya humo ndani unavyoviinua, viko vingapi, mwanangu?"

Nikasema viko sita. Mjomba mpaka leo haniongeleshi, wala hajui kwamba nilimwokoa, maana springi sikuzitaja.